Choo cha chuo ni cha nani?

Ndugu wasikilizaji, jambo la wiki hii watu wengi hulionea haya. Nalo ni choo. Lakini mwanafunzi asiye na mahali pa kujisaidia hawezi kutulia darasani, hata awe hodari namna gani. Kwa hiyo, kuuliza nani ana choo chuoni ni kuuliza nani anakaribishwa kusoma.

Tuitazame Marekani, ambako suala hili limebishaniwa miaka mingi. Mwaka 1973, wanawake waliofanya mtihani katika ukumbi wa Lowell, Chuo Kikuu cha Harvard, walikuta hauna choo chao. Mtihani una saa yake, na mwenye haja ilimlazimu avuke barabara. Wakiongozwa na mwanasheria Florynce Kennedy, waliandamana na kumwaga kwenye ngazi za ukumbi maji yaliyotiwa rangi mfano wa mkojo. Aibu ikawahamia wakubwa wa chuo.

Kadhalika walemavu. Mwaka 1962 Ed Roberts, aliyepoozeshwa na polio, aliingia Chuo Kikuu cha California kule Berkeley. Mabweni hayakuweza kuipokea mashine kubwa ya chuma iliyomsaidia kupumua, akapewa chumba katika hospitali ya chuo. Sheria ya haki za walemavu ya nchi nzima ilipitishwa mwaka 1990. Vipimo vyake vinataka mlango wenye upenyo wa sentimita 81 hivi, na ndani nafasi ya sentimita 152 ili kiti cha magurudumu kiweze kugeuka.

Hata hivyo, upana wa mlango si jawabu la yote. Chukueni mfano wa msichana asiyeweza kujiinua kutoka kitini, na msaidizi wake ni kaka yake. Waingie upande wa wanawake au wa wanaume? Baba aliyekuja chuoni na binti yake mdogo naye aende wapi? Na yule mwanafunzi anayejitambulisha kwa jinsia tofauti na ile aliyozaliwa nayo, ambaye akiingia huku anafukuzwa na akiingia kule anatishwa? Wapo wanaojinyima maji kutwa nzima ili wasilazimike kwenda. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake.

Wote hao wanaweza kusaidiwa na kitu kimoja: chumba cha choo cha mtu mmoja, chenye sinki, vyuma vya kushikilia na komeo kwa ndani, na kibao kinachosema ni cha watu wote. Mwaka 2014 uongozi wa Chuo Kikuu cha California, chenye kampasi 10, uliagiza vyumba vya namna hiyo vilivyokuwepo vigeuzwe kuwa vya wote. Kazi yenyewe mara nyingi ilikuwa kubadili kibao tu. Tangu Machi 2017, sheria ya jimbo hilo inayataka hata maduka, mikahawa na ofisi za serikali kufanya vivyo hivyo.

Wako wanaopinga. Wanawake wengi hawataki kuchangia na wanaume ukumbi wa vyoo vingi, na hofu hiyo si ya kudharauliwa. Lakini tusichanganye mambo mawili. Chumba cha mtu mmoja hakimchanganyi mtu na mtu: anaingia, anafunga, anatoka. Ndiyo maana hata Florida, iliyopitisha mwaka 2023 sheria kali ya kutenga vyoo vya wanaume na wanawake katika majengo ya umma, vikiwemo vyuo, iliviruhusu vyumba hivyo.

Kasoro inabaki kwenye idadi. Chumba kimoja kwa chuo kizima, tena ghorofa ya tatu pasipo lifti, ni kibao tu. Kikiwa mbali, mhitaji anakosa nusu ya kipindi akienda na kurudi, sawa na wale wanawake wa Harvard.

Majumbani mwetu wengi tuna choo kimoja, cha baba, mama, watoto na mgeni. Hatuulizani cha nani. Tunachouliza ni kama ni kisafi na kama mlango unafungika. Wanaochora majengo ya vyuo nao waanzie hapo.