Homa ya papasi: bakteria anayejificha kwa kubadili sura

Mtu wa Shanwe, Manispaa ya Mpanda, akishikwa na homa, kwanza hushukiwa malaria, na Katavi si mkoa wa kuipuuza. Lakini kipimo cha haraka kikikosa malaria, homa ikapoa na kurudi baada ya wiki moja hivi, yafaa kufikiria homa ya papasi.

Malaria huletwa na kimelea ambaye seli yake ina kiini. Homa ya papasi huletwa na bakteria, Borrelia duttonii. Bakteria ni kiumbe wa seli moja isiyo na kiini. Vinasaba vyake vimo ndani ya ute wa seli. Hufyonza chakula kupitia utando wake na huzaliana kwa kujigawa mara mbili. E. coli wa utumboni, akipata joto na chakula cha kutosha, hujigawa kila dakika 20. Kwa saa 6 mmoja huzaa zaidi ya 260,000. Borrelia huongezeka polepole zaidi, naye amejisokota kama parafujo.

Mwili hutengeneza kingamwili zinazotambua protini za juu ya bakteria huyo. Wengi hufa, homa hushuka. Wachache waliobadili protini hizo hawatambuliki. Wakiongezeka, homa hurudi.

Mwaka 1905, Joseph Dutton na John Todd walionyesha huko Kongo kwamba papasi ndiye mwambukizaji. Dutton mwenyewe alifia huko kwa ugonjwa huo, na jina la bakteria linamkumbuka. Mwaka huohuo Robert Koch, akiwa Afrika Mashariki ya Wajerumani, alimkuta bakteria ndani ya mayai ya papasi: mama huwarithisha watoto wake. Papasi hukaa katika nyufa za sakafu na kuta za udongo, hutoka usiku kunyonya damu, na huweza kuishi miaka bila kula.

Dawa za malaria hazimalizi ugonjwa huu. Antibayotiki kama doksisaiklini humzuia bakteria kutengeneza protini. Lakini itolewe na mganga, kwani bakteria wakifa kwa wingi mgonjwa huweza kuzidiwa kwa saa chache. Wajawazito wawahi zaidi, maana homa hii huharibu mimba.

Ziba nyufa, lala kitandani badala ya sakafuni, na homa ikirudi usikimbilie duka la dawa: nenda kituo cha afya, damu yako ichunguzwe kwa hadubini.