Daktari Aliyetafuta Tiba ya Upofu wa Kurithi

Katika somo lililopita ulijifunza sehemu za jicho. Katika somo hili utajifunza kwa nini baadhi ya watu huzaliwa na macho yasiyoona vizuri, na jinsi madaktari walivyotafuta tiba yake kwa miaka mingi.

1. Kazi ya retina

Ukisimama ufukoni Musoma usiku usio na mbalamwezi, utaona taa za wavuvi wa dagaa ziking'aa mbali ziwani. Mwanga wa taa hizo huingia katika mboni ya jicho lako, hupita katika lenzi, kisha hufika nyuma ya jicho. Hapo pana utando mwembamba uitwao retina. Retina hupokea mwanga, na mshipa wa fahamu hupeleka habari kwenye ubongo. Hapo ndipo unapoona.

Ili retina ifanye kazi yake, inahitaji vitamini A. Vitamini hii hupatikana katika maini, mayai, maziwa, mboga za majani, mapapai na viazi vitamu vyenye rangi ya chungwa ndani.

2. Watoto wawili

Tufikirie watoto wawili. Mmoja anakaa Bunda, mwingine anakaa Butiama. Wote wawili huona mchana kwa kiasi fulani, lakini jua likizama hujikwaa njiani na kugonga milango.

Mtoto wa Bunda amekosa vyakula vyenye vitamini A. Akipelekwa zahanati mapema akapewa vitamini hiyo, na akala vyakula vinavyofaa, ataona tena usiku.

Mtoto wa Butiama hula vyakula hivyo kila siku, wala hapati nafuu. Vitamini A inafika jichoni mwake, lakini retina haiwezi kuitumia. Je, kuna kasoro gani?

3. Maagizo tunayorithi

Mwili wako umejengwa kwa seli nyingi ndogo sana. Ndani ya seli mna maagizo ya kuuendesha mwili. Maagizo hayo huitwa jeni. Kwa kawaida kila jeni huwa nazo mbili: moja umeirithi kwa baba, nyingine kwa mama. Ndiyo maana unafanana nao.

Jeni moja huitwa RPE65. Kazi yake ni kuagiza protini inayogeuza vitamini A iwe katika hali ambayo retina inaweza kuitumia. Mtoto akirithi jeni hii ikiwa mbovu kwa baba na kwa mama pia, protini hiyo haitengenezwi ipasavyo. Mtoto huona kwa shida, na kadiri miaka inavyopita seli za retina hufa.

Wazazi wake huweza kuona vizuri kabisa, kwa sababu kila mmoja wao ana jeni moja mbovu na moja nzima. Ualbino nao hurithiwa kwa njia kama hiyo. Basi elewa kwamba hali hizi si laana, si uchawi, wala si kosa la mama.

4. Kazi ya Dokta Bennett

Huko Marekani, katika miaka ya 1980, Jean Bennett alikuwa mwanafunzi wa udaktari. Yeye na mwanafunzi mwenzake, Albert Maguire, walijiuliza: Kama jeni ni mbovu, je, haiwezekani kupeleka jeni nzima ndani ya jicho? Baadaye walioana. Maguire akawa daktari wa kupasua macho, na Bennett akawa mtafiti katika Chuo Kikuu cha Pennsylvania.

Shida ilikuwa usafiri. Jeni haiwezi kuingia katika seli yenyewe. Watafiti wakatumia kirusi kisicholeta ugonjwa. Walitoa jeni zake, wakaweka jeni nzima ya RPE65 mahali pake. Kirusi hicho kilikuwa kama mtumbwi ulioshushwa shehena yake na kupakiwa shehena mpya.

Mwaka 2000, wao na wenzao waliwatibu mbwa waliozaliwa na ugonjwa huo. Mbwa mmoja aliitwa Lancelot. Mbwa hao wakaanza kuona. Mwaka 2007 watu wa kwanza walitibiwa, huko Marekani na London pia. Kufikia mwaka 2009, Bennett na wenzake walikuwa wametoa habari za wagonjwa 12. Mdogo kuliko wote alikuwa na miaka 8, na mkubwa miaka 44. Watoto ndio waliopata nafuu kubwa zaidi, kwa maana seli zao nyingi zilikuwa bado hai.

Ili kuipima dawa, wagonjwa walitembea katika njia yenye vizuizi, kwanza kabla ya tiba, kisha baada ya tiba, katika mwanga hafifu. Desemba 2017 serikali ya Marekani iliikubali dawa hiyo, iitwayo Luxturna. Tangu wazo la kwanza ilikuwa imepita miaka zaidi ya 30.

5. Kazi iliyobaki

Dawa hiyo hutibu ubovu wa jeni moja tu, na jeni zinazoweza kuharibu retina ni zaidi ya 200. Tena ni ghali mno. Ilipoanza kuuzwa, bei ya macho mawili ilikuwa dola 850,000. Bado wanahitajika watafiti wengi, nao hutoka miongoni mwa wanafunzi wanaopenda kuuliza maswali.

Ukiona mwenzako anajikwaa jioni, usimcheke. Mwambie mwalimu au mzazi, ili apelekwe hospitali mapema. Daktari akiona inafaa, atampeleka hospitali ya rufaa, kama vile Bugando iliyoko Mwanza.

Maswali

1. Retina iko wapi, na kazi yake ni nini?
2. Kwa nini vitamini A pekee haikumponya mtoto wa Butiama?
3. Eleza jinsi wazazi wanaoona vizuri wanavyoweza kuzaa mtoto asiyeona vizuri.
4. Kwa nini ni vema mtoto atibiwe mapema?

Kazi ya kufanya: Taja vyakula vitano vyenye vitamini A vinavyopatikana karibu na shule yenu.