Huduma Ziamkazo na Kompyuta: Lahaja za Linux na Amri Zake

Katika kaunti za Kisii na Nyamira, mvua ya alasiri aghalabu huandamana na radi, na umeme hukatika. Na ichukuliwe mathalani maabara ya shule ambamo seva moja ya Linux huwapa wanafunzi kurasa za masomo. Umeme unaporejea, seva inawashwa na kuwaka vyema, lakini kurasa hazifunguki. Mashine haijaharibika. Huduma ya kurasa ilianzishwa kwa mkono, wala haikuagizwa ianze kila seva iwakapo.

Tofauti hii ndiyo kiini cha suala. Kuanzisha huduma ni tendo la sasa hivi, ilhali kuisajili ni agizo la kudumu. Asiyevitenganisha vitenzi hivi viwili hugundua kosa lake baada ya radi.

Ugumu unazidi kwa kuwa Linux ina matoleo mengi, kama vile Ekegusii kilivyo lugha moja yenye lahaja za Ekerogoro na Ekemaate. Hapo awali matoleo mengi yalifuata utaratibu wa System V. Kila huduma ilikuwa na hati yake katika /etc/init.d, na viungo vilivyoanza kwa herufi S au K pamoja na nambari vilibainisha ipi ianze, ipi izimwe, na kwa mfuatano upi. Hata hivyo, amri za kusajili zilitofautiana: Debian ilitumia update-rc.d, Red Hat ikatumia chkconfig.

Mfumo wa systemd, uliotangazwa mwaka 2010, ulileta usanifishaji. Fedora iliupokea mwaka 2011, Red Hat Enterprise Linux mwaka 2014, Debian na Ubuntu mwaka 2015. Katika matoleo haya, systemctl start huanzisha huduma, systemctl enable huisajili, na systemctl is-enabled huuliza iwapo imesajiliwa.

Hata hivyo, usanifishaji haujafuta lahaja. Huduma ya Apache huitwa apache2 katika Debian na Ubuntu, lakini httpd katika Fedora. Aidha, Debian kwa kawaida huisajili huduma punde inaposakinishwa, ilhali Fedora aghalabu husubiri iagizwe. Alpine nayo hutumia OpenRC, na amri yake ni rc-update add.

Kwa hivyo, msimamizi wa maabara hana budi kutambua toleo alilo nalo, kusajili huduma kwa jina lake sahihi, kisha kuizima na kuiwasha seva asubuhi, mbingu zingali nyeupe, aone kitakachoamka. Tahadhari kabla ya athari.