KUPE WA KOMPYUTA: JINSI PROGRAMU PELELEZI ZINAVYOSAFIRI KWA FLASHI

Mji wa Karatu uko kando ya barabara itokayo Makuyuni, ipitayo Mto wa Mbu na kupanda hadi lango la Lodoare, mlango wa kuingilia Ngorongoro. Wageni wengi waendao kulitazama bonde la kreta hulala hapa usiku mmoja au miwili. Kwa sababu hiyo mji una hoteli nyingi, ofisi za waongoza watalii, mabenki na shule, na pia maduka madogo ya kuchapa na kutoa nakala, ambayo wenyeji huyaita steshenari.

Katika duka kama hilo, asubuhi moja huweza kupitisha watu wa namna nyingi. Mwalimu huleta mtihani wa mwisho wa muhula alioutunga nyumbani. Karani wa kampuni ya utalii huleta orodha ya wageni pamoja na nakala za pasipoti zao. Mkulima wa vitunguu kutoka Mang'ola huleta barua ya kuombea mkopo. Kila mmoja huchomeka flashi yake katika kompyuta ileile, hulipa, huichomoa na kwenda zake. Ikiwa kompyuta hiyo imekwisha kuingiwa na programu pelelezi, flashi tatu zilizofika zikiwa salama zitaondoka zikiwa na mgeni asiyealikwa, na jioni mgeni huyo atakuwa amefika katika nyumba tatu.

Programu pelelezi ni programu iingiayo katika kompyuta bila ya idhini ya mwenyewe na kuzikusanya habari zake kwa siri: maandishi yake, maneno yake ya siri, pengine hata kila herufi aichapayo. Ndugu zake wadogo ni zile programu zisizotakiwa ambazo hujaza matangazo kwenye kioo au kubadili ukurasa wa mwanzo wa kivinjari. Hizo husumbua, na kwa kuwa husumbua hujulikana mapema. Programu pelelezi iliyotungwa vizuri haisumbui hata kidogo, na hapo ndipo hatari yake ilipo.

Jambo hili si jipya kabisa. Mwaka 1986 kirusi kiitwacho Brain, kilichotungwa na ndugu wawili wa mji wa Lahore nchini Pakistani, kilienea duniani kwa njia ya disketi. Ndani yake ndugu hao waliandika majina yao na nambari zao za simu. Watungaji wa siku hizi hawana uungwana huo.

Kwa mwanafunzi wa Karatu au Ngorongoro, mfano ulio karibu zaidi ni ule wa ndigana kali. Ugonjwa huo wa ng'ombe huletwa na kijidudu kiitwacho Theileria parva, na kijidudu hicho hakina miguu wala mabawa. Kinabebwa na kupe wa masikio. Kupe akiwa mchanga hunyonya damu ya mnyama mwenye kijidudu, huanguka chini, hujivua ngozi, kisha katika hatua yake ifuatayo humpanda mnyama mwingine na kumwambukiza. Nyati, ambao katika malisho ya Ngorongoro huwa karibu na ng'ombe, huweza kuwa na kijidudu hicho mwilini bila kuonyesha dalili ya ugonjwa. Flashi ni kupe. Kompyuta ya dukani, ifanyayo kazi vyema kutwa nzima bila kulalamika, ni nyati. Hata hivyo mfano huu una mpaka wake: kupe hampelekei mtu yeyote wa mbali habari za ng'ombe aliyemnyonya, bali programu pelelezi hufanya hivyo, tena hiyo ndiyo kazi yake hasa.

Mnamo Julai 2023 kampuni ya usalama wa kompyuta ya Mandiant, ambayo ni mali ya Google tangu mwaka 2022, ilitoa taarifa iliyowashangaza wengi waliodhani kwamba zama za kuambukizwa kwa flashi zimepita. Katika nusu ya kwanza ya mwaka huo, mashambulizi ya namna hiyo waliyoyaona wataalamu wake yalikuwa yameongezeka mara tatu. Walipofuatilia mahali ambapo maambukizo yangeweza kuanzia, walitaja maduka ya kuchapa na hoteli. Septemba ya mwaka huohuo wakaeleza zaidi: kundi moja la wapelelezi, ambalo walilihusisha na China, lilikuwa limeziingia asasi zisizopungua 29 katika sehemu mbalimbali za dunia, na maambukizo mengi yalianzia katika ofisi zilizoko Afrika. Miongoni mwa nchi zilizotajwa ni Misri, Zimbabwe, Kenya, Ghana, Madagaska na Tanzania.

Programu iliyotumika ni ya ukoo uitwao PlugX, unaojulikana tangu mwaka 2008. Wataalamu wa Mandiant huiita Sogu. Yafaa kuutazama utendaji wake kwa makini, maana ukishaeleweka, kinga yake nayo hueleweka bila ya kukaririwa.

Zamani Windows ilikuwa na desturi ya kuiendesha yenyewe programu iliyomo katika flashi mara tu inapochomekwa. Mdudu aliyeitwa Conficker, aliyeibuka Novemba 2008, aliutumia mlango huo pamoja na mingine, akaingia katika mamilioni ya kompyuta. Mlango huo ulifungwa katika Windows 7 ya mwaka 2009, na Februari 2011 Microsoft ikasambaza marekebisho ya kuufunga katika matoleo ya nyuma. Tangu hapo mtungaji wa programu mbaya anahitaji mkono wa mwanadamu umfungulie, na ili kuupata mkono huo hana budi kudanganya.

Udanganyifu wa PlugX ni huu. Programu huzichukua faili zote za mwenye flashi na kuziweka ndani ya folda iliyofichwa, ambayo jina lake ni alama ya nafasi tupu, isiyoonekana kwa macho. Mahali pake huacha kitu kimoja tu: njia ya mkato yenye picha na jina la flashi yenyewe. Mwalimu afunguapo flashi yake hukuta flashi nyingine ndani yake. Hilo ni ajabu dogo, na mtu mwenye haraka halitilii maanani. Hubonyeza. Kwa mbonyezo huo programu pelelezi huanza kazi, na papo hapo huyafungua mafaili yake halisi, naye huyaona yote yakiwa kamili na kuendelea na shughuli zake. Hakuna kilichopotea, kwa hiyo hakuna anayeshuku.

Hatua ya pili ni ya werevu zaidi. Njia ile ya mkato haiiti programu mbaya moja kwa moja, bali huita programu halali ya kampuni inayojulikana, wakati mwingine hata programu ya kupambana na virusi, yenye sahihi halali ya kampuni hiyo. Programu nyingi huhitaji mafaili saidizi ili zifanye kazi, na huyatafuta kwa majina. Pa kwanza pa kuyatafuta ni katika folda ileile zilimo. Mpelelezi huweka humo faili lake mwenyewe alilolipa jina la msaidizi halisi. Programu halali hulipokea bila kulichunguza, kama mtunza stoo anayetoa ufunguo kwa yeyote atajaye jina la mwalimu mkuu. Faili hilo la uongo ndilo lifungualo sehemu ya tatu, ambayo imefungwa kwa msimbo wa siri, na kuiendesha katika kumbukumbu ya kompyuta. Mlinzi wa virusi akikagua diski huona programu yenye sahihi njema na lundo la herufi zisizo na maana.

Ikishatulia, programu hutafuta maandishi, majedwali na mafaili ya PDF, huyafunga kwa msimbo na kuyaweka tayari kwa safari. Kompyuta ikiwa na mtandao, huyatuma. Isipokuwa na mtandao, nakala huwekwa katika flashi, zikingoja siku flashi hiyo itakapochomekwa katika kompyuta yenye mtandao. Kwa hiyo wale wasemao kwamba kompyuta yao ya nyumbani ni salama kwa kuwa haijaungwa na intaneti wanajifariji bure. Na kila flashi mpya itakayochomekwa huambukizwa vilevile.

Nguvu ya mwenendo huu ilidhihirika kwa namna ya ajabu. Aina moja ya PlugX ilikuwa ikienea yenyewe ilhali watungaji wake wamekwisha kuiacha anwani ambayo ilikuwa ikiipigia hodi. Septemba 2023 kampuni ya Sekoia ya Ufaransa iliipata anwani hiyo kwa dola 7 za Marekani na kukaa ikisikiliza. Kila siku kompyuta zenye anwani kati ya 90,000 na 100,000 zilibisha hodi. Katika miezi sita zilihesabiwa anwani zipatazo milioni 2.5 kutoka nchi 170. (Mwanafunzi wa hisabati atambue kwamba anwani si sawasawa na kompyuta, kompyuta moja huweza kupewa anwani mpya kila siku, na kompyuta nyingi huweza kutumia anwani moja. Tarakimu za namna hii huonyesha ukubwa wa jambo, si idadi yake kamili.) Julai 2024 vyombo vya sheria vya Ufaransa vilianza kazi ya kuisafisha, na Januari 2025 Marekani ilitangaza kwamba imeifuta katika kompyuta 4,258 kwa idhini ya mahakama. Lakini amri ya kufuta inayotumwa kwa mtandao haiwezi kuifikia flashi iliyolala katika mtoto wa meza.

Kinga ya kwanza, basi, ni kuitenga flashi ya safari. Flashi iendayo dukani isiwe na kitu ila lile faili linalochapwa, na lafaa liwe la PDF. Irudipo nyumbani isifunguliwe. Ibonyezwe kwa kitufe cha kulia cha kipanya na kufutwa yote kwa kuundwa upya. Kufanya hivyo huchukua muda mfupi kuliko kuteka ndoo ya maji. Ama kuhusu mitihani, mahali pake si dukani kamwe, hata kama kompyuta ya dukani haina programu mbaya yoyote, kwa sababu nakala huweza kubaki humo kwa uzembe tu.

Kinga ya pili ni kuiamuru Windows ionyeshe mafaili yaliyofichwa pamoja na herufi za mwisho za majina ya mafaili. Kwa kawaida herufi hizo hufichwa, na ndipo faili liitwalo "Matokeo" hujitokeza likiwa na picha ya folda ilhali jina lake kamili huishia kwa .exe, yaani ni programu. Mwenye mazoea ya kuzisoma herufi hizo hadanganywi kwa urahisi. Njia za mkato huonyesha mshale mdogo pembeni. Folda ya kweli haina mshale.

Jambo la tatu husahauliwa sana. Katika nyumba nyingi watu wote hutumia akaunti moja, nayo ni ya msimamizi mwenye madaraka yote. Ni heri akaunti hiyo ifungwe kwa neno la siri na itumike kwa kuweka programu tu, na kazi za kila siku zifanywe kwa akaunti ya kawaida. Hili halizuii yote, kwa kuwa programu pelelezi iliyoingia bado huweza kuyasoma mafaili ya mtumiaji yule. Lakini haitaweza kwa urahisi kumzima mlinzi wala kujichimbia ndani ya mfumo.

Mlinzi aliyemo ndani ya Windows, aitwaye Defender, hutosha kwa nyumba nyingi mradi awe anapata masasisho. Wako wanaonunua kompyuta iliyowekewa Windows isiyo na leseni, iliyofunguliwa kwa programu ya kuvunjia kufuli. Mara nyingi programu ya namna hiyo humtaka mtu kwanza amzime mlinzi. Kumfukuza askari ili kumkaribisha mtu usiyemjua ni biashara mbaya, hata kama ni ya bure. Vilevile Windows 10 ilikoma kupata masasisho ya kawaida ya usalama tarehe 14 Oktoba 2025. Mwenye kompyuta ya zamani isiyoweza kubeba Windows 11 anaweza kuweka mfumo wa Linux, ambao hutolewa bure na kihalali, na ambao programu nyingi mbaya zilizotungwa kwa ajili ya Windows haziwezi kufanya kazi humo.

Wenye ofisi wana mzigo zaidi. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, humtaka anayekusanya habari za watu azilinde. Nakala ya pasipoti ya mgeni na alama za mwanafunzi zote zimo katika ulinzi huo. Kuingiza programu katika kompyuta ya mtu bila haki ni kosa chini ya Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015. Matukio ya namna hii hupelekwa TZ-CERT, kitengo kilicho chini ya Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania.

Flashi ikionekana kuwa na njia moja tu ya mkato, mwenyewe asihangaike na kulipa fedha ili "kurudishiwa" mafaili yake, kwani aghalabu yangali yamo. Asibonyeze kitu. Afungue dirisha la amri na, ikiwa flashi imepewa herufi E, aandike:

attrib -h -r -s /s /d E:\*.*

Amri hiyo huondoa alama za kufichwa, na folda isiyo na jina hutokea ikiwa na kazi zake zote. Anakili maandishi yake tu, aache chochote kiishiacho kwa .exe, .dll, .dat au .lnk, kisha aifute flashi yote. Maneno ya siri yabadilishwe kwa kutumia kompyuta nyingine iliyo safi. Katika maabara ya shule zoezi hili huweza kufanywa bila hatari yoyote: mwalimu huficha folda mwenyewe katika flashi safi kwa amri attrib +h +s, na wanafunzi huachiwa kuitafuta.