Ndege wa bahari kuu nje ya Cape Town

Majira ya baridi kusini mwa Afrika huwa kuanzia Juni hadi Agosti. Miezi hiyo ndege wengi wanaozaliana katika visiwa vya karibu na Antaktika husogea kaskazini kutafuta chakula, na bahari ya nje ya Cape Town huwapokea kwa wingi. Boti za watazamaji hung'oa nanga Simon's Town alfajiri, huipita Cape Point, kisha hushika njia hadi ukingo ambapo sakafu ya bahari huporomoka kwenda kilindini.

Karibu na nchi kavu huonekana minandi, shakwe na ganeti wa rasi, ndege mweupe mwenye kichwa cha manjano ambaye hujitupa majini kama mshale akifuata dagaa. Mbele zaidi huanza himaya ya albatrosi. Aina mbili ndizo huonekana sana, na huchanganywa mno. Dawa ni kutazama chini ya bawa. Albatrosi kofia-nyeupe, ambaye huzaliana New Zealand, ana bawa jeupe lenye ukingo mwembamba mweusi na doa dogo kwapani. Albatrosi nyusi-nyeusi ana ukingo mpana wa giza, na akikomaa mdomo wake huwa wa rangi ya chungwa. Wote hupaa kwa nguvu za upepo, karibu bila kupiga bawa. Bahari ikilala shwari, nao hukaa juu ya maji. Siku inayowasumbua abiria kwa mawimbi ndiyo siku njema ya ndege.

Petreli ni jamaa zao. Pua zao ni mirija juu ya mdomo, nao hunusa chakula kutoka mbali. Anayependeza kuliko wote ana mabaka meusi na meupe mgongoni. Wareno walimwita pintado, yaani aliyetiwa rangi, na kwa Kiswahili jina petreli-kanga lingemstahili kabisa.

Makundi makubwa hufuata meli za kuburura nyavu, yakigombea mabaki ya samaki. Hapo ndipo penye hatari: nyaya za nyavu huwapiga albatrosi na kuwazamisha. Afrika Kusini ilizitaka meli zinazovua samaki aina ya heki zining'inize nyuma kamba zenye vitambaa vya rangi kali vya kuwatishia ndege. Kati ya 2004 na 2010, vifo vya albatrosi katika uvuvi huo vilipungua kwa takriban asilimia 99.