Kujiunga na jeshi mkoani Katavi

Kujiunga na jeshi mkoani Katavi ni mojawapo ya njia za maisha ambazo vijana wa mkoa huo wa magharibi mwa Tanzania huzifikiria wanapomaliza shule. Kwa wengi safari huanzia Jeshi la Kujenga Taifa (JKT). Baadhi yao huendelea hadi Jeshi la Wananchi wa Tanzania (JWTZ), Polisi, Magereza, Uhamiaji au Zimamoto. JKT lenyewe hutoa mafunzo, halitoi ajira. Kijana asiyeifahamu tofauti hiyo mapema huweza kutumia miaka miwili akisubiri kazi ambayo hakuahidiwa.

Historia

JKT lilianzishwa tarehe 10 Julai 1963, chini ya miaka miwili baada ya uhuru wa Tanganyika, kutokana na wazo lililotoka katika Umoja wa Vijana wa TANU. Mnamo Januari 1964 askari wa Tanganyika Rifles, jeshi lililorithiwa kutoka kwa Waingereza, waliasi wakidai nyongeza ya mishahara na kuondolewa kwa maofisa wa Kiingereza. Jeshi hilo lilivunjwa, na tarehe 1 Septemba 1964 likaanzishwa JWTZ.

Mwaka 1966 serikali iliamua kuwa wahitimu wa elimu ya juu nao walitumikie taifa kupitia JKT, huku sehemu kubwa ya mshahara wao ikikatwa kwa kipindi hicho. Tarehe 22 Oktoba 1966 wanafunzi waliandamana jijini Dar es Salaam kupinga masharti hayo. Rais Julius Nyerere aliwafukuza wanafunzi karibu 400, kisha akapunguza mshahara wake mwenyewe kwa asilimia 20. Mafunzo ya lazima yalisitishwa mwaka 1994 kwa ukosefu wa fedha, yakarejeshwa mwaka 2013.

Makundi mawili ya vijana wa JKT

Kundi la kwanza ni vijana wa *mujibu wa sheria*. Hao ni wahitimu wa kidato cha sita wanaoitwa kambini kwa muda mfupi, kwa kawaida miezi mitatu, kabla ya kuendelea na vyuo. Kwao JKT haizuii masomo.

Kundi la pili ni vijana wa *kujitolea*, ambao hukaa kwa mkataba wa miaka miwili. Wamo wahitimu wa darasa la saba, kidato cha nne, kidato cha sita na vyuo. Maombi yao huratibiwa na ofisi za mikoa na wilaya. Baada ya mafunzo ya awali ya kijeshi, yenye kwata, mbio na matumizi ya silaha, vijana hao hufanya kazi za uzalishaji na kujifunza stadi kama kilimo, ufugaji, ujenzi na useremala. Kijana wa Katavi anaweza kupangiwa kambi ya mkoa jirani, kama Mtabila mkoani Kigoma au Msange mkoani Tabora, au kambi ya mbali zaidi.

Mafunzo na ajira

Matangazo ya JKT ya kuwaita vijana wa kujitolea hueleza wazi kwamba jeshi hilo halitoi ajira wala halimtafutii kijana kazi mahali pengine. Lengo ni kumwezesha kujiajiri baada ya mkataba. Hata hivyo, vyombo vya ulinzi na usalama huchukua sehemu ya askari wao wapya kutoka makambini, na JWTZ hudai cheti cha JKT kwa waombaji wake. Kwa hiyo mafunzo hayo hufungua mlango, lakini nafasi ni chache kuliko vijana wanaosubiri.

Uzito wa jambo hilo ulionekana Aprili 2021, wakati Mkuu wa Majeshi, Jenerali Venance Mabeyo, alipoeleza kwamba vijana 854 wa JKT walikuwa wameondolewa makambini baada ya kugoma wakidai ajira jeshini. Baadaye vijana hao walisamehewa.

Masharti na vyeti

Waombaji hutakiwa kuwa na afya njema, mwenendo mwema, cheti cha kuzaliwa, vyeti vya shule na kitambulisho cha taifa. Kuna pia ukomo wa umri, ambao hutajwa katika kila tangazo na hutofautiana kwa kiwango cha elimu. Anayeingia JKT akiwa amekaribia ukomo huo anaweza kumaliza mkataba akiwa amepitwa na umri wa kuandikishwa JWTZ.

Katika Katavi suala la uraia lina uzito wa pekee. Makazi ya Katumba na Mishamo yalianzishwa miaka ya 1970 kwa ajili ya wakimbizi waliotoka Burundi mwaka 1972. Mwaka 2010 serikali ilitangaza kuwapa uraia wakimbizi wapatao 162,000 wa makazi hayo na ya Ulyankulu mkoani Tabora, na vyeti vilianza kutolewa mwaka 2014. Uraia wa namna hiyo huitwa uraia wa tajnisi. Kwa kuwa matangazo ya Polisi yamekuwa yakitaka raia wa kuzaliwa, kijana wa makazi hayo huhitaji kujua aina ya uraia wake kabla ya kutuma maombi.

JKT na JWTZ huwaonya wananchi mara kwa mara kuhusu matapeli wanaouza nafasi. Nafasi za jeshi haziuzwi.

Njia nyingine mkoani

Katavi ilitengwa na Mkoa wa Rukwa mwaka 2012. Idadi ya wakazi wake ilipanda kutoka 564,604 katika sensa ya mwaka huo hadi 1,152,958 mwaka 2022. Wengi huishi kwa kilimo cha mahindi, mpunga na tumbaku, ufugaji, na uchimbaji mdogo wa dhahabu. Inyonga, katika Wilaya ya Mlele, hujulikana kwa asali.

Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo kina Kampasi ya Mizengo Pinda katika Halmashauri ya Mpimbwe, ambako ufugaji nyuki hufundishwa kwa ngazi ya shahada. Mjini Mpanda kuna mafunzo ya ufundi ya VETA. Anayependa nidhamu ya kijeshi na mazingira ya porini anaweza kufikiria uhifadhi. Hifadhi ya Taifa ya Katavi, iliyoanzishwa mwaka 1974, hulindwa na askari wa TANAPA, ambao wako chini ya mfumo wa jeshi usu. Askari wa wanyamapori hufundishwa katika Chuo cha Pasiansi jijini Mwanza.

Kufikia uamuzi

Mambo yanayopimwa na kijana na familia yake ni umri wake, afya, matokeo ya mtihani, utayari wa kuishi mbali na nyumbani chini ya amri, na kazi atakayoachwa nayo mkononi mkataba ukiisha. Aliyefaulu kuendelea na kidato cha tano au chuo hupoteza nafasi hiyo akichagua miaka miwili ya kujitolea, ilhali anaweza kupitia JKT baadaye kwa mujibu wa sheria. Kwa asiye na nafasi ya masomo, miaka hiyo miwili humpa nidhamu na stadi. Faida yake ni kubwa zaidi kwa kijana aliyeingia akijua ni stadi ipi atarudi nayo, hata kama hataitwa jeshini.