Maji Haya Tuyaite Nini?

Nakumbuka vyema siku nilipowapeleka wanafunzi wangu wa kidato cha pili ukingoni mwa Mto Ngong, pale unapotoka Eneo la Viwanda jijini Nairobi na kupita kando ya mitaa ya Mukuru. Darasani nilikuwa nimewafundisha kwamba maji safi hayana rangi wala harufu. Tuliyoyakuta yalikuwa meusi kama wino, yakielea povu. Msichana mmoja akaniuliza: "Mwalimu, haya nayo tuyaite nini?" Nilikosa jibu.

Wengi hudhani kwamba mto hujisafisha wenyewe. Dhana hiyo ina ukweli, lakini ina mpaka. Damu ya machinjio na mabaki ya vyakula huozeshwa na viini vidogo vilivyomo majini, navyo hutumia oksijeni. Uchafu ukizidi, oksijeni hupungua na samaki wakafa. Metali, kama vile risasi, na kromiamu inayotumiwa kulainishia ngozi, haziozi kamwe. Hutua matopeni, zikaingia katika sukuma wiki inayonyunyiziwa maji hayo, hatimaye zikafika mezani. Risasi hudhuru ubongo wa mtoto, yule yule tunayemtaka aelewe masomo.

Wala haya si ya Nairobi pekee. Mto Ngong huingia Mto Nairobi, nao huingia Athi. Athi ukiungana na Tsavo huitwa Galana, kisha Sabaki, unaomwaga maji yake katika Bahari Hindi karibu na Malindi.

Sisemi kwamba viwanda ndivyo vyenye lawama yote. Maji ya vyoo na taka za mitaani zimo pia. Nakubali vilevile kwamba viwanda hutupa ajira na kwamba mitambo ya kusafishia maji ni ghali. Lakini gharama anayoikwepa mwenye kiwanda haitoweki. Humhamia mkulima wa mboga na mama anayemwuguza mwanawe.

Sheria tunazo. Sheria ya mazingira ilipitishwa mwaka 1999, na kanuni za ubora wa maji zikafuata mwaka 2006. Kifungu cha 42 cha Katiba ya 2010 kinampa kila mtu haki ya mazingira safi, na kifungu cha 70 kinamruhusu yeyote kwenda mahakamani kuidai, bila kulazimika kuthibitisha kuwa yeye binafsi amepata hasara. Kilichopungua ni utekelezaji.

Nawasihi walimu wenzangu: kila shule iliyo karibu na mto iwe na daftari. Wanafunzi, wakiwa mbali na maji yenyewe, waandike kila wiki rangi, harufu, povu na tarehe. Afisa aweza kuyapuuza malalamiko. Daftari la miaka mitatu ni ushahidi. Usipoziba ufa utajenga ukuta.

Yule msichana sasa namjibu: tuyaite deni. Na asiyelilipa leo, mwanawe atalinywa.